Nani Anaziona Karata?

Mchezaji wa poka akigawiwa ree mbili, zile karata zenye herufi A, anajua kwamba hakuna mwanzo unaozidi huo. Akikutana na mwenye wafalme wawili, na wote wakaweka fedha zao zote kabla karata za mezani hazijafunuliwa, mwenye ree atashinda takriban mara 82 kati ya 100. Zinabaki mara 18, na humo ndimo zinamozaliwa lawama nyingi za poka ya mtandaoni. Mtu akipigwa hivyo kasino, mbele ya mgawaji anayemwona kwa macho, hulalamikia bahati yake. Akipigwa hivyo kwenye simu, huituhumu programu: imepangwa, inawabeba wageni, inaificha karata mbaya mpaka fedha zote ziingie.

Tuhuma hizo zina umri sawa na mchezo wenyewe. Tovuti ya Planet Poker iligawa karata zake za kwanza za fedha halisi Januari 1998, na haukupita muda mrefu kabla wachezaji hawajaanza kuuliza zinachangwaje. Wana haki ya kuuliza, na anayewacheka anakosea, maana kuna wakati uchangaji ulikutwa mbovu kweli na ushahidi ukawekwa hadharani. Lakini ukizifuatilia kashfa kubwa zilizothibitishwa tangu wakati huo, unakuta jambo ambalo walalamikaji wengi hawaliangalii. Watu walioibiwa mamilioni ya dola kwenye poka ya mtandaoni waliibiwa bila mtu yeyote kugusa uchangaji. Karata zilitoka kwa nasibu, zikagawiwa ipasavyo, na wizi ukafanyika kwingine. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kama mchezo huu ni wa haki hana budi kuuliza maswali mawili na kuyatenganisha: karata zinachangwa vipi, na nani anaziona kabla hazijafunuliwa.

Tuanze na uchangaji. Karata 52 zinaweza kupangika kwa njia nyingi kiasi kwamba idadi yake ni 8 ikifuatiwa na tarakimu nyingine 67. Uchangaji wa haki ni ule ambao kila mmoja wa mipangilio hiyo yote una nafasi sawa ya kutokea. Mikono ya binadamu haifiki huko kirahisi. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba pakiti ikichangwa kwa kuigawa nusu mbili na kuzipishanisha, inahitaji kurudiwa mara 7 hivi ndipo mpangilio wa awali upotee vya kutosha. Kijiweni watu huchanga mara mbili tatu na kugawa, wala hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayekumbuka karata zilikuwa zimelalaje.

Kompyuta haina shida ya mikono mizito. Shida yake ni nyingine: haina bahati ndani yake. Ni mashine ya kutii amri, na ukiipa amri zilezile ukianzia palepale itakupa jibu lilelile. Namba inazotoa na kuziita za nasibu hutokana na hesabu inayoanzia kwenye namba moja ya mwanzo, ambayo mafundi huiita mbegu. Ukiijua hesabu na ukaijua mbegu, unajua kila kitu kitakachofuata. Kwa mchezo wa watoto wa kwenye simu hilo si tatizo. Kwa mchezo wa fedha ni mlango ulio wazi, na mwaka 1999 kuna watu waliupita ili kuonyesha kwamba upo.

Kampuni ya ASF Software ndiyo iliyotengeneza programu ya kugawa karata iliyotumiwa na Planet Poker na tovuti nyingine za wakati huo. Ili kuwatoa wachezaji wasiwasi, ilichapisha hadharani kanuni yake ya kuchanga karata ili kila mtu ajionee kwamba hakuna ujanja. Ulikuwa uamuzi wa uwazi na naamini ulifanywa kwa nia njema. Kundi la wataalamu wa kampuni ya Marekani iitwayo Reliable Software Technologies, wakiwamo Gary McGraw na Brad Arkin, waliisoma kanuni hiyo na kukuta makosa matatu, kila moja zito kuliko lililotangulia.

La kwanza lilikuwa la kuhesabu. Kila karata ilibadilishwa nafasi na nyingine iliyochaguliwa kwa namba ya nasibu, lakini namba hizo zilianzia 1 na kukomea 51 badala ya 52. Matokeo yake, karata iliyoanza ya mwisho haikuweza kamwe kubaki ya mwisho.

La pili ni la hila zaidi, na linafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu waandishi wa programu bado wanalirudia hadi leo. Chukua karata tatu tu. Kanuni ile inasema: kwa kila karata, chagua nafasi yoyote kati ya zote tatu na ubadilishe. Hatua ni tatu, kila hatua ina chaguo tatu, kwa hiyo njia zote ni 27. Lakini karata tatu zina mipangilio 6 tu, na 27 haigawanyiki kwa 6. Kwa hiyo mipangilio mitatu inafikiwa kwa njia 5 kila mmoja, na mitatu iliyobaki kwa njia 4 kila mmoja. Mingine imependelewa, na hakuna mtu aliyekusudia. Dawa yake ilikuwa imejulikana zamani. Ronald Fisher na Frank Yates walieleza mwaka 1938 namna ya kuchanga inayochagua kati ya karata ambazo bado hazijachaguliwa peke yake, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa ajili ya kompyuta. Kwa karata tatu, njia hiyo ina chaguo 3, kisha 2, kisha 1: njia 6 kwa mipangilio 6, sawa kwa sawa.

Kosa la tatu ndilo lililoua. Mbegu ya programu ile ilikuwa na ukubwa wa biti 32, na hiyo ina maana kwamba bila kujali kinachofanyika baadaye, pakiti zinazoweza kutokea hazizidi bilioni 4 na ushei. Ni nyingi masikioni, lakini kando ya ile namba yenye tarakimu 68 ni kama hakuna kitu. Tena mbegu yenyewe ilichukuliwa kutoka kwenye saa ya kompyuta: idadi ya milisekunde tangu saa sita usiku. Siku ina milisekunde 86,400,000, kwa hiyo pakiti zinazowezekana zikashuka kutoka bilioni 4 hadi milioni 86. Wataalamu wale wakalinganisha saa yao na saa ya seva, zikabaki kama 200,000. Hapo kazi ikawa imekwisha. Mchezaji wa poka ya aina ya Texas Hold'em anaziona karata zake mbili, kisha tatu za mwanzo zinazofunuliwa mezani. Programu yao ilizichukua hizo tano, ikazipitia pakiti 200,000, ikaipata ile moja inayolingana, na palepale ikaonyesha karata za kila mpinzani pamoja na mbili zilizokuwa bado hazijafunuliwa. Waliitoa habari hiyo hadharani badala ya kuitumia, na kampuni ikarekebisha programu.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu tukio hilo linajibu mambo mawili kwa pamoja. Linathibitisha kwamba uchangaji unaweza kuwa mbovu hata pale ambapo mwenye tovuti hana nia mbaya. Na linaonyesha kwamba ubovu wa namna hiyo unatibika kabisa, kwa kuwa ni suala la hesabu. Ili kila pakiti iweze kutokea unahitaji angalau biti 226 za nasibu ya kweli. Tovuti kubwa zilijenga mitambo yao kuvuka kiwango hicho, zikichota nasibu kwenye mambo ya asili ambayo hayana kanuni ya kufuata. PokerStars, kwa mfano, imetumia kifaa kinachorusha chembe za mwanga kwenye kioo kinachopitisha nusu na kuakisi nusu. Kupita kwa chembe na kuakisiwa kwake huandikwa kwa tarakimu tofauti, 0 na 1, na fizikia ya kwanta haitoi njia ya kujua mapema ipi itafanya nini. Maabara kama GLI, iTech Labs na eCOGRA hukagua mitambo hii, huzipima namba zake kwa majaribio ya takwimu, na kutoa cheti.

Cheti kina thamani, lakini mtu asikichukulie kuwa zaidi ya kilivyo. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi ya Marekani. Aliiandika programu ya kuchagua namba na kuificha ndani yake amri ndogo: droo ikiangukia mojawapo ya siku tatu maalumu za mwaka, katika siku fulani za wiki na baada ya saa fulani ya usiku, namba zisitoke kwa nasibu bali kwa hesabu aliyoijua yeye. Siku nyingine zote mtambo ulifanya kazi kwa uaminifu. Desemba 2010 ilinunuliwa huko Iowa tiketi iliyoshinda dola milioni 16.5, ukaanza uchunguzi uliochukua miaka, na mwaka 2017 Tipton alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Jaribio la takwimu lolote ambalo lingefanywa siku ya kawaida lingeupasisha mtambo ule. Majaribio hayo hupima namba zilizotoka, wala hayamjui mtu mwenye funguo za chumba cha seva.

Sasa turudi kwa aliyepigwa na ree zake. Anasema ameona mengi mno ya ajabu, na mara nyingi ni kweli ameyaona. Meza ya kawaida yenye mgawaji hugawa karata mara 30 hivi kwa saa. Meza ya mtandaoni hugawa mara 60 au zaidi, na mchezaji mzoefu hufungua meza nne kwa wakati mmoja. Kinachomtokea mchezaji wa kasino kwa wiki mbili kinamtokea huyu kwa siku mbili. Pia kwenye madau madogo watu hawatupi karata mbovu, wanazibeba mpaka mwisho, na kadiri wapinzani wengi wanavyobaki ndivyo inavyokuwa rahisi mmoja wao kuokota karata ya kumuokoa.

Hebu tuhesabu. Ree mbili huja mara 1 katika migao 221. Kwenye meza ya watu tisa, ukiwa nazo, uwezekano wa mmoja kati ya wale wanane kuwa na wafalme wawili ni karibu 1 katika 25. Ina maana pambano la ree na wafalme litakupata mara moja katika migao kama 5,600. Mtu aliyecheza migao 100,000, na hiyo ni miezi ya kazi ya kila siku kwa wengi, atakuwa amekutana nalo mara 18 hivi. Katika hizo 18 anategemewa kushindwa mara 3. Lakini hesabu inasema mchezaji 1 katika kila 11 atashindwa mara 6 au zaidi, yaani theluthi nzima, bila hila yoyote. Tovuti yenye wachezaji 110,000 wa namna hiyo itakuwa na watu kama 10,000 ambao kila mmoja ana ushahidi wake wa kweli, wenye tarehe na picha za skrini, kwamba ree zake zinaonewa. Wale 100,000 wengine hawasemi chochote, na hawana sababu ya kusema.

Kwa hiyo kumbukumbu ya mtu mmoja haiwezi kuamua suala hili. Kinachoweza ni kumbukumbu za wengi zikiunganishwa. Tovuti nyingi humruhusu mchezaji kuhifadhi rekodi ya kila mgao aliocheza, na kwa miaka mingi wachezaji wamekuwa wakizikusanya kwa mamilioni na kuzipima. Mapambano 1,000 ya ree dhidi ya wafalme yanapaswa kutoa ushindi 820 hivi, yakiyumba kama 24 juu au chini. Upendeleo wowote unaomgusa kila mchezaji, kama ule unaodaiwa wa karata za mezani kupangwa ili zichochee madau, ungejitokeza katika rekodi kama hizo. Nikipima hoja ya wenye tovuti kwamba hawana sababu ya kupanga karata, naikubali kwa sehemu tu. Ni kweli wao huishi kwa kamisheni, karibu asilimia 5 ya fedha zilizo mezani ikiwa na kikomo, na kamisheni hiyo huingia ashinde nani. Lakini mezani pakijaa fedha kamisheni nayo hukua mpaka ifike kikomo, kwa hiyo kishawishi kipo, japo ni kidogo kuliko hasara ya kukamatwa. Ninachokiamini zaidi ya kishawishi au ukosefu wake ni rekodi zilizo mikononi mwa watu wasiolipwa na tovuti.

Na ni rekodi hizo zilizofichua wizi mkubwa kuliko wote. Septemba 2007, kwenye mashindano ya tovuti ya Absolute Poker ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 1,000, akaunti iliyojiita Potripper ilishinda kwa namna iliyowashangaza walioketi nayo. Mshindi wa pili akaomba rekodi ya mchezo wake. Alichotumiwa na tovuti, bila mtu yeyote kutarajia, kilikuwa faili lenye karata za mkononi za washiriki wote, pamoja na taarifa za waliokuwa wakitazama meza. Wachezaji walipokaa chini na kulipitia mstari kwa mstari, waliona kwamba mwanzoni kabisa Potripper alitupa karata zake kama mtu yeyote. Kisha mtazamaji mmoja akaingia kwenye meza yake, na kuanzia hapo Potripper akawa hatupi karata kabla ya zile tatu za mwanzo kufunuliwa. Alicheza na chochote. Baadaye akatupa mara moja mapema, na ilikuwa kwenye mgao ambao mpinzani alikuwa ameshika wafalme wawili. Akaunti ya mtazamaji yule ilikuwa ya ndani ya kampuni, na ilikuwa inaona karata za kila mtu.

Miezi michache baadaye mambo yaleyale yakagundulika kwenye tovuti dada, UltimateBet, na huko yalikuwa yamedumu kwa miaka. Ndani ya programu kulikuwa na mlango uliomwezesha aliyeujua kuona karata za wapinzani huku akicheza. Tume ya Michezo ya Kahnawake, mamlaka ya jamii ya Wamohawk huko Kanada iliyotoa leseni kwa tovuti zote mbili, ilimtaja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1994, kuwa mhusika mkuu. Wachezaji walirudishiwa zaidi ya dola milioni 22. UltimateBet ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 na Absolute Poker dola 500,000. Wizi huo haukuhitaji kasoro yoyote katika uchangaji. Cheti cha nasibu, hata kingekuwa kweli tupu, kisingemkinga mtu.

Naona hapo ndipo mjadala mzima wa haki ulipopaswa kuhamia, na nasikitika kwamba haukuhamia vya kutosha. Wachezaji waliogundua wizi ule hawakuwa polisi wala wakaguzi wenye leseni. Walikuwa watu waliokaa na majedwali usiku kucha, wakalinganisha viwango vya ushindi, na kuona akaunti zinazopata faida mbali kabisa na mtu mwingine yeyote huku zikicheza karata ambazo mchezaji mwenye akili timamu angezitupa. Mwizi anayeziona karata hawezi kujificha milele katika takwimu, kwa kuwa ushindi wake haufanani na wa binadamu. Ila mwizi mwenye subira, anayeshinda kidogo kidogo na kukubali kushindwa mara kwa mara, ni mgumu zaidi kumnasa.

Milango ya namna hii haijaisha. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya GGPoker ilikiri kwamba mtu mmoja aliichezea programu ya upande wa mchezaji, ile iliyo kwenye kompyuta yake mwenyewe, akapata njia ya kukadiria nafasi yake ya kushinda kwa habari ambayo haikupaswa kumfikia. Kampuni ilisema hakuziona karata za wengine zenyewe. Lakini anayejua kwamba ana nafasi ya asilimia 90 hahitaji kuona kitu kingine. Ilimnyang'anya karibu dola 30,000 na kuuziba mwanya. Kwa mara nyingine, uchangaji haukuhusika.

Kuna hila zisizohitaji hata mwanya. Marafiki wawili wakikaa meza moja na kuambiana karata zao kwa simu wanajua karata nne pale ambapo kila mwingine anajua mbili. Wanaweza kumbana mtu wa tatu katikati, mmoja akipandisha dau na mwingine akipandisha tena, mpaka atupe. Tovuti hupambana nao kwa kuangalia nani hukaa na nani, anuani za mtandao, na namna wanavyotupa karata wakikutana wao kwa wao. Kisha kuna mashine. Mwaka 2017 programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza migao 120,000 dhidi ya mabingwa wanne huko Pittsburgh na kuwashinda wote. Miaka miwili baadaye Pluribus ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Hazikuona karata za mtu. Zilicheza vizuri kuliko binadamu, basi. Mchezaji wa kawaida anayekutana na programu kama hiyo imejificha nyuma ya jina la mtu anapata karata za haki na bado hana mchezo wa haki.

Fedha zenyewe je? Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungulia mashtaka PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. Ndipo ilipojulikana kwamba Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji wake karibu dola milioni 390 ilhali benki ilikuwa na kama milioni 60. Mtu angeweza kucheza pale kwa ustadi, akapata karata za nasibu safi, akashinda, na asiweze kuchukua alichoshinda.

Wanahisabati walilitazama tatizo la kuonekana kwa karata mapema kuliko mtu yeyote, hata kabla ya intaneti kufika majumbani. Mwaka 1979 Adi Shamir, Ronald Rivest na Leonard Adleman, waliokuwa wamekwisha kuvumbua mfumo maarufu wa kufunga siri unaobeba herufi za mwanzo za majina yao, waliuliza kama watu wawili wasioaminiana wanaweza kucheza poka kwa simu bila mgawaji. Wakajibu ndiyo. Fikiria kila karata imo ndani ya kisanduku chenye nafasi ya kufuli mbili. Mchezaji wa kwanza anavifunga visanduku vyote kwa kufuli zake na kuvichanganya, wa pili anavichanganya tena na kuchagua. Karata za wa kwanza anamrudishia azifungue. Zake mwenyewe anaziwekea kufuli yake juu ya ile ya mwenzake na kuzirudisha, mwenzake anatoa ya kwake bila kuona kilichomo, na yeye anamalizia kufungua. Hakuna wakati ambapo mtu mmoja anazijua karata zote, kwa sababu hakuna mgawaji wa kuzijua. Richard Lipton alikuta upesi kwamba kufuli zile za kihisabati zilikuwa zinavujisha habari kidogo kuhusu kilichomo, na katika kutafuta kufuli isiyovujisha chochote Shafi Goldwasser na Silvio Micali walizaa mwaka 1982 nadharia mpya ya kuficha siri. Wawili hao walipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2012.

Kinachouzwa sokoni leo kwa jina la haki inayothibitika ni kitu kidogo kuliko hicho, na wasomaji wa Tanzania na Kenya wanakijua kupitia kindege, ule mchezo wa Aviator wa kampuni ya Spribe. Kabla ya kindege kuruka, seva inachagua mbegu yake na kuonyesha alama ya vidole ya mbegu hiyo, msimbo usioweza kurudishwa nyuma kuwa mbegu. Mbegu hiyo inaunganishwa na zile za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na jumla yao ndiyo inayoamua kindege kipotelee wapi. Baada ya mzunguko mbegu inawekwa wazi, na yeyote anaweza kuhesabu upya na kuona kwamba haikubadilishwa. Ni uthibitisho wa kweli, na unatosha kuonyesha kwamba vijana wanaouziwa kwa simu programu za kutabiri kindege wanatapeliwa. Mbegu za wachezaji hazijakuwapo wakati utabiri unapotolewa. Hakuna cha kutabiri. Lakini uthibitisho huo huo haugusi mgawanyo wa fedha. Mchezo umewekwa urudishe asilimia 97 ya madau, na zile 3 zinabaki kwa mwenye mchezo mzunguko baada ya mzunguko, kwa nasibu iliyo safi.

Njia hiyo ikipelekwa kwenye poka inapungukiwa pale pale penye hatari. Inathibitisha kwamba pakiti haikubadilishwa baada ya mgao kuanza. Haisemi chochote kuhusu nani ndani ya kampuni alikuwa akiitazama pakiti hiyo mchezo ukiendelea. Kindege hakina karata za mkononi, kwa hiyo hakuna cha kuchungulia. Poka yote ni karata za mkononi. Mtu anayetangaziwa poka yenye haki inayothibitika aulize kama seva inazijua karata. Ikiwa inazijua, mlango wa UltimateBet bado unawezekana.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003, na Kenya mwaka 2025 ilipitisha sheria mpya ya kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Nchi zote mbili zinatoa leseni, na zikidai cheti cha maabara kuhusu nasibu zitakuwa zimelifanyia kazi swali la mwaka 1999. La mwaka 2007 linadai mengine. Linadai rekodi kamili ya kila mgao, pamoja na karata za mkononi za wote, ihifadhiwe mahali ambapo mwenye tovuti hawezi kuifuta wala kuihariri. Linadai kila mfanyakazi anayeigusa seva ya mchezo aache alama ya jina lake na saa. Linadai fedha za wachezaji zikae kwenye akaunti tofauti na zikaguliwe. Na mchezaji akiomba rekodi ya mgao alioshindwa, apewe baada ya muda fulani ikiwa na karata za wote waliokuwa mezani, kwa makusudi na kwa mujibu wa sheria, kwa sababu mwaka 2007 faili la namna hiyo lilimfikia mtu bila kukusudiwa, na ndilo lililouanika wizi.